Mke wa Beki Hachekeshi?

Fadhila alipanda bajaji pale Maili Moja, amepakata ndoo ya barafu ya kumkandia mumewe. Sadick alikuwa beki wa timu ya mtaani kwao, na goti lilikuwa limemgomea tangu masika.

Abiria wawili waliobanana naye hawakujuana, lakini walishanogewa na ile komedi ya kwenye tivii, ya wachezaji mpira na wake zao.

"Jana umemwona mke wa yule mchezaji?" kijana akauliza. "Jamaa kavunjika asubuhi, jioni mke kashasepa!"

"Nimecheka," mama wa makamo akajibu. "Ila wangemwonyesha na anayebaki."

"Anayebaki hachekeshi, mama. Hawa wanafuata jina. Jina likizima, hao!"

Fadhila alivumilia mpaka Picha ya Ndege, kisha uvumilivu ukamshinda.

"Kaka yangu, mimi ndiye huyo anayebaki. Namkanda beki wangu, namshika mkono anajifunza kutembea, na siku nyingine tunacheka mpaka jirani anagonga ukuta. Nani kakwambia hatuchekeshi?"

Kijana alitahayari kidogo, lakini hakukubali kushindwa. "Samahani, dada. Na asipocheza tena?"

"Nitakuwa mke wa mtu asiyecheza mpira."

"Haya, akipona halafu akakuacha yeye?"

Bajaji ilikuwa imesimama Misugusugu. Fadhila aliteremka, akajitwika ndoo yake.

"Mwache apone kwanza," alisema. "Kwa sasa hata mlangoni hafiki bila mimi."

Mama alicheka hadi akashika mbavu. Kijana naye alicheka, ingawa bajaji iliondoka akiwa bado anabisha.