Mwaka Ule Tuuandike Nini?

Benchi letu la mtaa wa Bigo, hapa Bunia, ni mbao mbili juu ya matofali, mbele ya termosi ya Mama Gentille, na tangu risasi zipungue mwaka huu wa 2004, hapo ndipo akili zinapogawiwa bure. Asubuhi ile tulikuwa tunamtengenezea Lambert CV. Shirika moja la wazungu lilitafuta dereva, mwisho wa kupokea dosye, yaani karatasi za maombi, ni saa sita, na nyumbani Micheline, mke wake, alikuwa ameacha hata kuuliza watoto watakula nini. Lambert ni dereva hodari, sikatai. Shida ilikuwa 2002. Wenye bunduki waliikamata kamioneti ya bosi wake, yeye akiwa kwenye usukani, wakamwambia: endesha. Akaendesha mwaka mzima. Sisi sote tulijua, na kila mtu alijitahidi asijue zaidi.

— Hapa katikati iko trou, shimo ya mwaka muzima, alisema Directeur, mwalimu mkuu tuliyemwachia cheo chake ingawa shule yake iliungua.

— Iache tu, alisema Lambert.

— Haiwezekani. Muzungu akiona trou, anaingiza mukono.

— Andika alikuwaka Aru! alisema Douane, ambaye aliwahi kufagia ofisi ya forodha huko mpakani, ndiyo douane, na hajasahau. Alikuwa anaendeshea commerçant moja, mufanyabiashara. Ule mutu amekufa, hivi batapigia nani téléphone?

— Bataomba attestation de service, barua ya kazi yenye cachet, alisema Directeur.

— Cachet, ile muhuri, nitachonga mu sapatu yangu, alisema Douane.

Akavua kandambili, akatuonyesha unene wa soli.

— Aru bote banajuana, nilisema mimi. Weka alikuwa mugonjwa. Malaria ya kichwa, mwaka muzima.

— Nani atapatia gari mutu wa malaria ya kichwa? aliuliza Mama Gentille.

— Mama, weye mimina kahawa, nilimjibu.

— Namimina. Lakini ile gari ilikuwa inapita mbele ya mulango yangu.

Douane hawezi kunyamaza.

— Basi tuseme alikufaka! Disparu, alipotea. Batu bengi balikuwaka disparus. Yeye amerudia, ni ile tu.

Tulicheka sana. Lambert hakucheka.

— Hapana, alisema Directeur huku akinyoosha karatasi. Tuandike kweli, lakini mu kifaransa muzuri: « Transport des personnes, Bunia–Bule. » Kubeba batu, mpaka Bule mu Djugu. Barabara mubaya, usiku, accident hata moja hakuna. Ile inaitwa expérience!

— Na référence, mutu wa kumusemea? niliuliza mimi.

— Commandant wake iko wapi? aliuliza Directeur.

— Alikufaka, alisema Lambert.

— Eh bien! Hatamusema mubaya.

Tukapiga makofi, mimi wa kwanza. Hata Lambert alilegea mabega, akaomba kikombe.

Pembeni alikuwa amesimama mama mmoja wa kambi ya waliokimbia Djugu. Hatukuwa tumewahi kumwona hapo. Alishika kahawa yake kwa mikono miwili.

— Bonjour ba papa. Miye ni Madeleine. Mwenye aliendesha ile gari ni nani?

Lambert akainua mkono nusu.

— Papa, ile batu ya ule mwaka, deux mille deux, ulikuwa unabashusha wapi, fasi gani?

Hakuuliza kwa hasira. Directeur aliitazama kalamu yake, Douane akatazama barabara. Mimi niliogopa, nasema wazi, niliogopa asije Lambert akajibu.

— Nauliza tu, alisema Madeleine. Bwana yangu alipandaka mu ile gari. Nataka nijue nianzie wapi kumutafuta.

Lambert aliigeukia karatasi.

— Directeur, futa.

— Nifute mwaka?

— Futa chauffeur, ile neno ya dereva.

Saa sita ilikuwa bado mbali. Aliinuka, akaiacha dosye kwenye benchi, akashika njia ya kwao, siyo ya ofisi ya wazungu. Madeleine akaweka kikombe chini kikiwa kimejaa, akamfuata nyuma, akiuliza tena swali lilelile kwa sauti ya upole.