Viazi Vilivyoandikwa Matufaa

Mgeni rasmi, Meya wetu Bi. Ragnfrid Lauvås, msimamizi wetu, wazee wetu mliokubali kuletwa hapa juu ya barafu, na nyote mlionusa kahawa mkaingia, hamjambo?

Mimi Gunnvor Skare nimepewa kusoma tu. Maneno ni yetu sote, wahudumu tisa tunaozungukia wagonjwa majumbani hapa Skorvedal.

KARIBU

Mheshimiwa, tumefurahi mno kukuona. Keki zipo, na jibini ya kahawia tumeikata vipande vinene, usione haya kurudia.

TULIKOTOKA

Zamani, na zamani yenyewe ni mwaka juzi, kila mmoja wetu alipita nyumba kumi na moja kwa siku akiandika viganjani na nyuma ya bahasha. Kisha turudi ofisini, watu tisa kompyuta mbili, kila mtu akikuna kichwa: aliyekataa dawa ni nani, na aliyekataa soksi ni nani? Mwenzetu Oddbjørg Tveiten, mwenye miaka ishirini na miwili kazini, ndiye aliyemaliza wa kwanza siku zote. Taarifa yake ilikuwa neno moja: "Sawa." Tukamtania kwamba wagonjwa wake hawaugui.

Ndipo tukafundishwa kusema na simu ya kazini. Unatoka kwa mgonjwa, unasimama pale mlangoni, unaeleza ulichokiona, simu inaandika na kupeleka kunakohusika. Dakika mbili, umemaliza.

TULICHOVUNA

La kucheka halikukosekana. Simu haijui kilugha cha bondeni, na huku kwetu kiazi twakiita tufaa. Basi Oddbjørg aliposema kwamba Mzee Torleiv amekataa viazi siku ya tatu, simu ikaandika matufaa. Daktari, mtu wa mjini, akapiga kuuliza kwa nini tunamlisha matufaa mzee asiye na jino.

Oddbjørg akamwambia, "Ni viazi, daktari. Na Torleiv akiacha viazi, huyo anaumwa. Njoo."

Daktari akaja, akakuta kichomi kimeanza. Leo Torleiv yuko safu ya mbele, na hicho ni kikombe chake cha tatu.

Tangu siku hiyo twaisemesha simu kwa lafudhi ya mjini, kama wasoma habari. Wazee wanatuuliza huyo mgeni wa Oslo kaja lini.

YANAYOTUKWAZA

Mheshimiwa, mficha uchi hazai. Barua ya ofisi yako imesema kuanzia mwezi wa tatu simu zisituandikie tena, kwa kuwa zinakosea, na kila mtu achape kwa vidole vyake. Atakayeshindwa mtihani wa kuandika atahamishiwa chumba cha kufulia. Makosa yapo, hatubishi. Ya matufaa tumeyakiri wenyewe.

Lakini wiki ile barua ilipofika, Oddbjørg alituketisha jikoni akatuambia jambo alilolificha miaka yote ishirini na miwili. Herufi zinamchezea machoni tangu shuleni. Aliandika "Sawa" kwa sababu ndilo neno pekee aliloliamini, na mengine yote aliyoyaona kwa wagonjwa alirudi nayo nyumbani kifuani. Tuliona aibu, maana sisi ndio tuliocheka. Na tuliogopa pia: ingekuwa mwaka juzi, siku ile ya Torleiv angeandika "Sawa."

OMBI LETU

Ni moja tu. Viti vipya na rangi ya ukuta vitangoja. Tuachieni simu ziendelee kutuandikia. Sisi tutasikiliza kila taarifa kabla haijaondoka, kwani simu hiyo hiyo inajua kusoma kwa sauti.

Tulitaka kuomba bila kutaja jina. Mwenyewe akakataa, akasema, "Nitajeni. Nimechoka kujificha."

Yuko safu ya pili, mwenye sweta ya kijani. Mheshimiwa, kabla hujatujibu, mtazame.

Mungu akujalie barabara isiyoteleza, afya, na mkono mwepesi wa kufuta barua.

Ni sisi,
Wahudumu wa Wagonjwa Majumbani, Skorvedal.