Bosi Mdogo Hakuwa Onchiri

Padri wetu, wazee wa ukoo, majirani wa Gesima, wageni mliotoka Ogembo, Nyamache na mjini Kisii, na nyinyi nyote mliokuja kutusitiri leo Ijumaa tarehe 21 Februari 2025, mimi ni Marion, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake. Najua mnazo karatasi mikononi, zenye picha nzuri na historia fupi iliyochapishwa na kamati, na hakuna uongo ndani yake, ila ndugu yangu Onchiri pia hayumo, kwa hivyo naomba mniwie radhi nisome hii niliyoiandika kwa mkono, ambayo Baba aliisoma jana usiku akaniambia niisome yote, nisiruke mahali popote.

Sababu ni kwamba wengi wenu mnamjua ndugu yangu kwa jina la Bosi Mdogo, jina ambalo Mama hakumpa wala Baba hakumpa, nilimpa mimi, katika mchezo wa kuigiza niliouandika nikiwa mwalimu wa Kiswahili karibu na Nyamache, na tukimzika leo bila mimi kulirudisha jina hilo nilikolitoa, tutakuwa tumemzika mtu ambaye hakuwahi kuishi.

Marehemu Cleophas Onchiri Nyamongo alizaliwa tarehe 14 Machi 1991 hapa hapa Gesima, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Zablon Nyamongo, ambaye mnamjua kwa mashamba ya majani chai na malori, na wa marehemu Mama Yunes Nyanchoka, akabatizwa mwezi wa Juni mwaka huo huo, na kwa kuwa alikuwa mvulana wa pekee katika nyumba yenye mali, tangu siku hiyo kila mgeni aliyekaribishwa chai alimtazama akamwambia Baba kwamba sasa boma lina mwenyewe. Mimi nilikuwa na miaka mitano, nikasikia, nikanuna, na kama leo ni siku ya kusema kweli basi nilinuna kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mwenye akili timamu.

Alianza shule ya msingi hapa Gesima mwaka wa 1997, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka wa 2004, akajiunga na shule ya upili ya bweni mjini Kisii kuanzia 2005 hadi 2008, ambako alipita vizuri bila kelele, kwa sababu Onchiri alikuwa mtu wa sauti ndogo, mwenye kigugumizi kidogo akikasirika au akifurahi, na mwenye mikono iliyokuwa haitulii, akipewa uzi na kifungo atashona hata shati ambalo halijachanika. Mwezi wa Septemba 2010 alikwenda chuo kikuu Nairobi kusomea biashara, jambo ambalo lilikuwa limeamuliwa mezani kabla yeye hajaitwa kula.

Kamati imeandika kwamba aliacha chuo mwaka wa 2012 kwa sababu zisizoepukika, na majirani mkaambiana kwamba mtoto wa tajiri amechoka kusoma. Ukweli ni kwamba Mama alikuwa ameanza kuugua saratani, Baba alikuwa barabarani na malori, mimi nilikuwa nimeajiriwa juzi tu na niliogopa kuomba ruhusa, basi Onchiri akarudi nyumbani na begi moja, akamwosha Mama, akampikia uji, akamgeuza kitandani, na kwa miezi kumi na minne alilala kwenye godoro jembamba pale koridoni mbele ya mlango wa Mama, ili akiita asikie. Mama alitutoka Ijumaa tarehe 9 Agosti 2013, na siku ya mazishi yake niliusifu ukoo wote kwa kumuuguza, sikumtaja Onchiri hata mara moja.

Baada ya hapo akaanza kunywa. Sitaficha, maana mlimwona, na wengine wenu mlimnyanyua kando ya barabara mkamleta hadi langoni, na nawashukuru. Alikuwa mgonjwa wa huzuni, ugonjwa ambao daktari angeweza kuutibu, lakini nyumba kubwa kama yetu huona aibu kuwa na mgonjwa wa namna hiyo, kwa hivyo tulikubaliana, bila hata kukaa kikao, tuseme amedeka. Mwezi wa Desemba 2015 nilikuja likizo, nikamkuta jikoni asubuhi hajalala, nikamuuliza kwa ukali kwa nini bado analala koridoni kama mbwa wakati vitanda vimejaa, naye akalia, akaniambia maneno ambayo leo nayarudisha kwake: "Nyumba yetu ina vyumba kumi na kimoja, Marion, na mimi sina pa kulala."

Ningemshika mkono. Badala yake nilikwenda chumbani nikayaandika kwenye daftari, kwa sababu nilikuwa natafuta mchezo wa tamasha la maigizo la shule, na mwandishi akisikia maneno mazuri huwa mwizi kabla hajawa ndugu.

Mchezo ukatoka Januari 2016, ukiitwa Bosi Mdogo, habari za kijana wa boma tajiri ambaye amepewa kila kitu akamwaga kila kitu, mlevi, mwenye kigugumizi, anayeshona vifungo akiwa amelewa, ambaye babaye mwishoni anamfungia lango na wazee wanapiga makofi. Nilimpa kijana huyo kila kitu cha ndugu yangu isipokuwa Mama yetu, kwa sababu mama mgonjwa angewafanya watazamaji wamhurumie, na mimi nilitaka wacheke. Nikakosa koti la kumvalisha mwigizaji, nikampigia Onchiri simu kumwomba koti lake la kijani kibichi, lile alilonunuliwa na Mama akienda chuo, naye hakuuliza ni la nini, alilipiga pasi, akalituma na boda boda hadi Nyamache siku hiyo hiyo. Lilikuwa kubwa kwa mwanafunzi wangu, nikaagiza mikono yake ikatwe.

Jumamosi tarehe 12 Machi 2016 tulishindana katika ngazi ya kaunti, ukumbi umejaa, na Onchiri akaja, amekunywa kidogo kwa ajili ya woga wa watu, akakaa safu ya pili karibu na Baba ambaye nilikuwa nimemwalika mimi. Aliona koti lake likiingia jukwaani. Akasikia kigugumizi chake, na ukumbi ukicheka, halafu mwigizaji akasema yale maneno ya vyumba kumi na kimoja, na ukumbi mzima ukavunjika mbavu, jaji mmoja akaacha kuandika afute machozi ya kicheko, na baadaye akasema hicho ndicho kipande bora cha siku. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikamtazama ndugu yangu, naye alikuwa akipiga makofi pamoja na watu, hadi mwisho, na mchezo ulipokwisha alinijia akaniambia hongera na kuniuliza kama koti limewasaidia.

Siku hiyo tulishinda, na jina la Bosi Mdogo likamfuata hadi Gesima, vijana wa boda boda wakawa wanamwita hivyo, hata watoto. Lakini jina hilo si baya kuliko jambo lililofuata, kwa sababu wiki mbili baadaye, Jumamosi tarehe 26 Machi, mkesha wa Pasaka, Baba alimfungia lango. Baba aliniambia wiki hii kwamba hajawahi kuwaza kufanya hivyo mpaka alipoona ukumbi mzima, na walimu, na majaji, wakimpigia makofi mzazi aliyefanya hivyo, akadhani huo ndio ushauri wa watu waliosoma. Simlaumu Baba. Mwalimu aliyemfundisha ni mimi.

Juu ya kazi, kamati imeacha nafasi wazi, nami naijaza. Onchiri alishuka Ogembo akiwa na nguo alizovaa, akalala barazani pa duka la nguo la Bwana Uzair na mkewe Bi Janat, ambao asubuhi walipomkuta hawakumuuliza ni mtoto wa nani, walimpa chai, na alipomaliza chai akaomba sindano, akashona kiti cha cherehani kilichokuwa kimepasuka. Hapo alikaa miaka minane na miezi kadhaa. Bwana Uzair alimfundisha kukata, na kuanzia 2017 sare za shule nyingi za upande ule zimepita mikononi mwake, na alikuwa na tabia moja ambayo Bi Janat alikuwa akimgombeza kwayo, ya kuacha pindo refu ndani ya kila sketi na kila suruali, akisema mtoto atarefuka na mzazi asirudi kununua nyingine. Aliacha pombe mwezi wa Mei 2019 na hakuirudia, na hilo kamati pia haikulijua kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kumtazama.

Mimi nilikwenda mara moja, Agosti 2019, shule ilipotaka kuuigiza mchezo ule upya, nikamkuta kwenye cherehani, futi ya kupimia shingoni, amenenepa kidogo, ananitania kwamba walimu hatujui kuvaa. Hakunilaumu kwa lolote. Aliniomba jambo moja tu, kigugumizi kikamshika kwa hiyo alichukua muda kulimaliza: "Mwishoni pale, mwandike arudi nyumbani." Nikamjibu kwamba mchezo ulioshinda haubadilishwi. Akasema sawa, mwalimu, akanipimia shati.

Kuhusu ndoa, marehemu hakuoa, lakini naomba mnisikilize. Mwaka wa 2021 alifahamiana na Akong'o, anayefanya kazi katika duka la dawa Ogembo, ambaye kwao ni upande wa ziwa, wakapendana kwa adabu, na Onchiri alitaka kwenda kwao rasmi, ila kwenda kumposa msichana wa watu kunataka baba na wazee, na yeye alikataa katakata kukodi wajomba wa bandia kama wafanyavyo wengine, akasema atangoja Tata yake, yaani Baba. Alituma ujumbe mara mbili, 2022 na 2023, na mara zote mbili ulinifikia mimi niufikishe, nami nikaona si wakati mzuri. Akong'o ameketi pale nyuma kwenye hema la wageni. Nakuomba, dada, njoo ukae hapa mbele karibu na Baba, na wazee watusamehe tumechelewa. Hakujaliwa mtoto.

Akong'o ndiye aliyeona macho yake yamegeuka manjano, mwezi wa Novemba mwaka jana, akampeleka kupimwa, ikaonekana ini lilikuwa limeharibika tangu miaka ile ya pombe, akaendelea kushona akiwa amekaa juu ya mto wa kukalia, hadi tarehe 27 Januari alipolazwa hospitali mjini Kisii. Nilipata habari siku ya tatu. Nilikaa naye usiku na mchana, tukazungumza habari za Mama, alitaka tu habari za Mama, na Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na miaka thelathini na mitatu, ndugu yangu alinitoka nimemshika mkono, ule mkono ambao ningeushika jikoni.

Tulipotafuta nguo ya kumvalisha, hatukupata koti lake isipokuwa lile la kijani, lililokuwa kwenye sanduku la maigizo shuleni kwa miaka tisa. Mtakapopita kumuaga mtaona mikono ya koti ina kipande kingine cha kitambaa na mshono mpya, msishangae, ni Bwana Uzair aliyeirudishia urefu wake Jumatano akilia juu ya cherehani, na amesema ameacha pindo ndani.

Nawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, majirani mliochota maji na kupasua kuni tangu juzi, walimu wenzangu, mafundi wote wa Ogembo mliofunga vibanda leo, na zaidi Bwana Uzair na Bi Janat, ambao walikuwa watu wake wakati sisi tulikuwa jamaa zake tu.

Nimalizie na jana. Jumatatu nilimweleza Baba yale maneno ya vyumba kumi na kimoja yalitoka wapi, naye akakaa akitazama mlango. Jana alasiri gari la kuleta mwili lilipofika, askari wa lango alikimbia kufungua, Baba akamrudisha, akaenda mwenyewe na fimbo yake, akalifungua kwa mikono miwili, upande mmoja kisha upande wa pili, akasimama kando, na jeneza lilipopita akasema neno moja tu la Kikisii, lile tunalomwambia mgeni na mtoto vilevile tukitaka aingie. Vijana walitaka kumweka sebuleni penye viti vizuri. Baba akakataa, akawaongoza hadi koridoni, mbele ya mlango wa Mama, na hapo ndipo Onchiri alipolala.

Huo ndio mwisho wa mchezo, Onchiri, kama ulivyoniomba. Pumzika, ndugu yangu, uko kwenu.