Zamu ya Arnold

Wazee wawili waliokaa mbele ya Noreen walikuwa wakinong'onezana kwa ile sauti ya watu wenye masikio mazito, kwa hiyo basi zima la kwenda mtaa wa Walkley lilisikia. Kila Jumanne walizunguka baa za Sheffield kwa basi. Walikuwa watatu mpaka Wilf alipozikwa.

"Yule binti wa kaunta kakataa hela yangu," alisema Desmond. "Eti mzee mwenye kofia ya kahawia keshatulipia. Arnold, kofia ile tulimzika nayo. Mimi narudi nyumbani."

"Rudi. Mimi kaninunulia bia, sasa ni zamu yangu kumnunulia. Sijawahi kukwepa zamu."

"Hata kwa maiti, bwana?"

"Maiti kalipa. Wewe mzima, zamu yako ikifika unakimbilia chooni."

Noreen nusura acheke. Kengele ya kushuka ikalia. Wazee wakatazamana, mikono yao ilikuwa mapajani, na nyuma ya Noreen hapakuwa na mtu.

Basi likasimama mbele ya baa. Hakuna aliyeinuka.

"Wazee, mnashuka?" dereva aliuliza. "Mwenzenu keshaingia ndani."