Mwisho Aliousikia Mama Yenu

Kaeni, wanangu, kaeni wote wawili, na mlango uacheni umefungwa. Wewe binti yangu, mama, vuta kile kiti cha plastiki ukae upande wa dirisha, na wewe Barafu keti hapo kitandani miguuni pangu, usiogope, kitanda hiki nilikipigilia misumari mwenyewe na hakivunjiki. Najua kila mmoja wenu aliitwa peke yake. Dada mtu aliambiwa ndugu yake yuko buchani anatengeneza majokofu, na Barafu akaambiwa dada yake hatoki duka la dawa mpaka jioni. Ni mimi niliyepanga hivyo, wala sitaomba radhi, kwa sababu pumzi niliyobakiwa nayo inatosha kuzungumza mara moja tu, na maneno haya nikimwambia mmoja ayapeleke kwa mwenzake yatafika yamechacha. Nisikilizeni bila kunikatiza. Mkitaka kulia, lieni polepole, nami nitajifanya sioni, na kweli sioni.

Tangu macho yangu yaingie ukungu mmenisomea kwa zamu, Mungu awalipe. Binti huja Jumanne na Alhamisi, Barafu huja Jumatano na Jumamosi, na hamkutani hata mlangoni. Kila mmoja kaniletea riwaya yake, na zote mbili ni zile ninazozipenda, za nchi zisizokuwepo. Kitabu cha binti kina watu wanaoishi chini ya ziwa la chumvi, na malkia wao amechongwa kwa chumvi, kila akilia anapungua. Cha Barafu kina joka linaloogopa kuruka, linapanda milima kwa miguu kama punda, na watoto wa vijijini wanalizomea. Juma lililopita nilimuuliza Barafu, "Vipi, lile joka limeshamfikia malkia?" Akanishika paji la uso. "Baba, malkia yupi?" Alidhani ni homa. Haikuwa homa, mwanangu. Mtu akilishwa kutoka vyungu viwili na wapishi wasiosalimiana, lazima tumbo lichanganye.

Mkija kuulizwa baba yenu alikuwa akiwaza nini siku zake za mwisho, semeni alikuwa akiwaza majoka, msione haya. Kinyozi wetu alinicheka papa hapa, akaniambia, "Mzee mzima na mvi zako unasomewa habari za majini na mapanga? Tafuta vitu vya maana." Nikamjibu kwamba riwaya yake ya upelelezi aliyoniazima ina maiti watatu katika sura ya kwanza na hakuna hata jirani mmoja aliyekwenda kutoa pole, basi kati yangu na yake ni ipi iliyo ya uongo zaidi? Kitabu chake mrudishieni. Mwambieni nilimjua muuaji tangu alipokataa kunywa chai, na kwamba mwandishi alimwonea sana mpishi.

Nina malalamiko pia juu ya hizi ninazozipenda, nisije nikafa nikaonekana nilikuwa nameza kila kitu. Kila mchunga mbuzi katika vitabu hivyo, ukimchunguza vizuri, ni mtoto wa mfalme aliyepotea, kana kwamba mtoto wa fundi hawezi kuachwa abaki mtoto wa fundi na bado akafanya jambo la kusimuliwa. Halafu hawaugui. Wanakufa kwa upanga, kwa sumu, kwa laana, lakini sijaona hata mmoja aliyeugua mgongo, aliyegeuzwa kitandani na watoto wake, aliyeona aibu kuoshwa. Wanaanguka sentensi moja na sentensi inayofuata wanaliliwa. Kile cha yule mama mfuga nyuki, mlichonisomea wakati wa mvua, ambacho ni cha mambo ya kweli tupu, ndicho pekee kilichosema ukweli huo: kwamba mumewe alichukua muda mrefu kufa, na yeye akawa anakwenda kwenye mizinga asubuhi ili apate pa kukasirika. Hicho nilikiheshimu. Lakini siku nilipokuwa na maumivu hasa niliomba joka, sikuomba nyuki, na sababu yake nadhani ni hii: huzuni ikivishwa nguo za nchi nyingine mtu anaweza kuitazama usoni bila kuijua kuwa ni yake, mpaka kitabu kimefungwa.

Sasa ya nyumba, tuyamalize, kwa maana haya ni mepesi. Nyumba ni ya wote wawili na isiuzwe kwa hasira. Ikiuzwa kwa shida, sawa, shida haina adabu, lakini kwa hasira hapana. Vyombo vya mama yenu ni vya binti. Sindano zangu, nyundo, uzi uliobaki, ule mfupa wa kukunjia karatasi na ile mashine ya kubania vitabu, chukua Barafu, kwa sababu una mikono ya kazi, ingawa nakujua, utaitumia mashine ile kunyooshea mabati. Mkongojo na redio mpeni kinyozi.

Yaliyobaki ni vitabu, na hapo ndipo penye neno.

Mnajua tulivyosoma katika nyumba hii, lakini nataka kulisema kwa kinywa changu. Nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu, nao wasomaji tulikuwa wanne na kitabu kimoja. Basi kitabu kinene kikiingia, nilikikata gundi mgongoni kwa kisu, nikakigawa vipande, kila kipande nikakivisha jalada la boksi la viatu na kukiandika namba. Mama yenu alianza, maana alisoma kama mtu anayekimbia mvua. Akimaliza kipande anampa binti, binti anampa Barafu, Barafu ananipa mimi, na mimi nikiisha kusoma ninakishona na wenzake mpaka kitabu kinakuwa kitabu tena. Sheria ilikuwa moja: aliye mbele hasemi. Tulikula mezani watu wanne tukiwa katika sura nne, mmoja analia shujaa amekufa, mwingine bado anamcheka. Mnakumbuka Barafu alivyomwangalia mama yenu akaguna, "Huyo unayempenda, mama, usimpende sana," kasahau kwamba mama ndiye wa kwanza na keshapita hapo zamani, akamjibu, "Kula wali wako, mimi nimeshamzika." Watu wa nje walituona wendawazimu. Mwalimu mmoja aliyekuja hapa alishika kichwa kuona kitabu kizima kimechinjwa kama kuku. Lakini sisi tulikuwa tunangojana, na kungojana ndiko kulikotufanya nyumba.

Kisha mama yenu akaugua, wakati tuko katikati ya kile cha mitungi. Sikirudii chote, mnakijua: nchi ambayo wafu huacha sauti zao ndani ya mitungi, na msichana mmoja anaubeba mtungi wa mama yake kuvuka milima ili aufungue mbele ya bahari, kama alivyousiwa. Mama yenu hakuweza tena kushika hata kipande kimoja, kwa hiyo foleni ikageuka: binti akawa wa kwanza, akawa anamsomea mama jioni akitoka dukani, na koti lake jeupe hajalivua. Kikabaki kipande cha mwisho. Na wewe Barafu ukafanya jambo ambalo katika nyumba nyingine lisingekuwa kosa hata la kukohoa. Uliruka foleni. Ulikisoma kipande cha mwisho kabla ya zamu yako, ukaona kilichomo, ukakitia katika mkoba wako wa vifaa katikati ya bisibisi, ukaketi kando ya mama yako mchana ule, mimi nikiwa kazini, ukamsimulia mwisho mwingine wa kwako.

Binti alipofika jioni na kutafuta kipande, mama yenu alimwambia, "Usihangaike, mwanangu. Kaka yako kanimalizia." Akawa anatabasamu. Hakuishi kuimaliza wiki ile.

Baada ya mazishi mlikutana uani penye kamba ya nguo, na kipande kile binti alikuwa nacho mkononi, kakikuta katika mkoba wa Barafu, keshakisoma. Nilikuwa jikoni, nikasikia. Binti alisema, "Ulimzika mama yetu na uongo." Barafu akasema, "Wewe ungemzika na ukweli, ungemfaa nini?" Ni hayo tu. Tangu siku ile mimi ndimi barua na mimi ndimi tarishi. "Baba, mwambie mwanao vidonge vyako ni baada ya kula." Na Barafu yuko hapo hapo sebuleni, anajibu, "Mwambie nimesikia, sijaziba masikio kwa nta." Nilicheka mwanzoni. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, nikasema moyoni, watapatana kabla sijafika shambani. Nimelima, wanangu, nimevuna, nimelima tena.

Nimefikiri sana kitandani hapa. Binti, una haki. Mama yenu hakuwa mtoto, alisoma miisho michungu maisha yake yote na hakuna hata mmoja uliomuua. Barafu, nawe una haki. Ulimtazama mama yako uso ulivyokwisha, ukashindwa kumpa kipande kile, na mkono ulioshindwa hivyo siwezi kuulaumu. Lakini nitawaambia lingine ambalo hamjasemezana. Binti, hukuudhiwa na uongo. Uliudhiwa kwa kuwa kipande kile kilikuwa zamu yako. Ulikuwa umekitunza, ulijua ukimsomea kile ndio unamuaga, na ukafika ukakuta ameshaagwa. Na wewe Barafu, hukukasirika kwa kuitwa mwongo. Ulikasirika kwa sababu dada yako hakukuuliza hata mara moja ulimwambia mama nini. Alijua ulibadilisha, basi, hakutaka kujua ulibadilisha ukaweka nini. Kwa hiyo umekaa nao ule mwisho peke yako, kama mtu aliyemeza mfupa.

Usinitikisie kichwa, mama. Nasikia kiti kinavyolia.

Vile vitabu vilivyokwisha kushonwa gawaneni mtakavyo, mtu asimkodolee mwenzake macho. Lakini ile rafu ya chini, ile ambayo nimeendelea kuijaza tangu mama yenu aondoke, ni ya vitabu nilivyovikata na kuvivisha majalada na hakuna aliyevisoma, maana hakuna wa kumpokeza. Sikilizeni vizuri, msije mkadhani akili imenitoka. Katika kila kitabu pale, kipande cha kwanza ni cha Barafu, cha pili cha binti, cha tatu cha Barafu, cha nne cha binti, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna ruhusa ya kwenda kununua kingine kizima dukani. Mkitaka kujua joka lilikwenda wapi, mtagongeana mlango. Si lazima mpendane siku ya kwanza. Semeni tu, "Nimemaliza, lete chako." Urafiki mwingi mjini humu umesimama juu ya maneno machache kuliko hayo.

Ngojeni... nipeni maji. Hayo yanatosha, nashukuru.

Bado moja, na hili ndilo nililowaitia.

Kipande cha mwisho cha kile cha mitungi sijakisoma. Mimi ndiye wa mwisho katika foleni, na foleni ilikatika mbele yangu. Nimekilalia chini ya mto huu, hakijashonwa, kwa sababu sishoni nisichokisoma. Nilipokuwa na macho nilikiogopa. Sasa sina macho wala woga. Nataka leo, humu chumbani, nisikie miisho yote miwili. Wa kitabu, binti, utausoma wewe, ile zamu yako uliyoikosa, uisome kama ungemsomea yeye, wala usirukie penye uchungu. Kisha Barafu utasimulia ule uliomwambia. Neno kwa neno unavyoukumbuka, usiupambe kwa kuwa dada yako yupo, usiupunguze. Mke wangu aliondoka na mwisho ule, na mimi mumewe sijui alikwenda na upi. Nimelala pembeni ya nafasi yake muda wote huu nikijiuliza yule msichana alifika baharini au hakufika. Nikimkuta mama yenu huko, tutazungumza nini, kama yeye ana kitabu chake na mimi changu?

Sogea, mama. Toa mkono wako... na wako, Barafu. Baridi hivyo, ndiyo maana wakakuita jina hilo. Mungu awaweke. Awape macho ya kudumu, na watu wa kuwangojea mezani. Anayewatakia mabaya achoke njiani. Mlichonifanyia kitandani hapa, watoto wenu wawafanyie, na wasione kinyaa. Nimeridhika nanyi. Nimeridhika nanyi wote wawili, hata kamba ile ya nguo nimeisamehe.

Nizikeni mchana, bila hotuba. Kinyozi asipewe nafasi ya kusema, ataanza na ile riwaya yake.

Chukua kipande, kiko hapa... inua kichwa changu kidogo. Hapo. Soma taratibu. Kama nitafumba macho, msiache. Mnanisikia? Pumzi ikiwa... kama mtaona nimenyamaza, msiitane, msikimbilie mlango, msifunge kitabu. Wewe maliza, halafu yeye aanze, amalize. Mimi hata nisiposikia... yupo mwenzako anayesikiliza.

Haya, mama. Soma.