Farasi Ambaye Lipuo Hakumpiga Picha

Mchungaji, chifu wetu, bo-ntate na bo-'m'e, yaani akina baba na akina mama, majirani wa Teyateyaneng, na nyinyi wageni mliofika na kamera, poleni sana, kaeni vizuri, historia hii inasomwa kwa niaba ya 'M'e 'Malipuo, mama mzazi, na mwenye kuipinga amfuate yeye.

Marehemu Lipuo Khoabane alizaliwa tarehe 3 Agosti 1990 hapa hapa Teyateyaneng, akiwa mtoto wa pekee, alianza shule ya msingi mwaka 1997, na alikuwa darasa la saba Juni 2003 baba yake alipofariki, na kabla nguo nyeusi za mama hazijafuliwa hata mara moja, walirudi kutoka kuteka maji wakakuta mlango wa nyumba yao una kufuli jipya, na baba yake mkubwa, Ntate Phakiso, ambaye tunamwona pale na tunamshukuru kwa kufika, akawaambia, "Shemeji, nyumba ni ya ukoo, wewe una kwenu," wakakaa mbele ya kufuli lile mpaka jua likazama, na tangu siku hiyo hakuna kikao cha familia kilichowahi kuligusa jambo hilo.

Alitunukiwa shahada ya historia Septemba 2013, akaizungusha Maseru nzima, kila ofisi yenye mlango, akijibiwa neno moja, "Tutakupigia," na simu yake familia inayo, ina chaji, bado tunasubiri.

Kazi aliyoipata ni ile aliyojiajiri mwenyewe, kupiga picha za video za harusi na misiba, wengi wenu mmelia mbele ya kamera yake, na mwaka 2018 alitengeneza filamu yake fupi, Kufuli, ya dakika kumi na moja, ambayo ilihitaji mlango uleule, hivyo Ntate Phakiso alipouliza, "Filamu ya nini?" Lipuo alimwandikia muhtasari kuhusu farasi mweupe anayerudi nyumbani bwana wake akiwa amekufa, Ntate akacheka, akasema, "Farasi sawa, mradi asile kabichi zangu," akaenda zake kunywa, na farasi hakuletwa, wala hakuwahi kuwapo, kilichopigwa picha ni mwanamke wa nguo nyeusi aliyekaa mbele ya kufuli.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, kwa hiyo Lipuo alipompelekea filamu mchambuzi mashuhuri, Ntate Hlabathe, aliifunga kwa neno la siri, akaambatanisha muhtasari uleule wa farasi, akasubiri aombwe neno, hakuombwa, badala yake gazeti likatoka na sifa ukurasa mzima, "sauti mpya ya kutisha," na "farasi mweupe aliyebeba mgongoni huzuni ya taifa," na wachambuzi wa nchi jirani wakamfuata kama kondoo wanaoingia zizini, hata tuzo ya mwaka 2019 ikaja imechongwa kichwa cha farasi, na Lipuo alipompigia Ntate Hlabathe kumuuliza, "Ntate, umeitazama kweli?" alijibiwa, "Binti, kazi kubwa huonekana hata kabla ya kutazamwa."

Ntate Phakiso alilikata gazeti lile akalitundika ukutani, katika nyumba ileile, akiwaambia wageni, "Huyo farasi alipita uani kwangu," na Lipuo hakuweza kumkana farasi bila kulitaja kufuli, na mama yake aliogopa kutajwa, basi akanyamaza, akasifiwa.

Alifunga ndoa na Ntate Tšeliso Rampai tarehe 14 Desemba 2019, wakajaliwa binti, Reitumetse, tarehe 2 Februari 2021, na nyumbani kila sifa mpya ilipofika mama alitania, "Kabati limejaa, sufuria je?" naye Lipuo aliuliza swali moja tu, "Kuna aliyeomba neno la siri?"

Januari 2024 alianza kuumwa kichwa, akagundulika ana uvimbe kwenye ubongo, akalazwa Maseru, akafariki tarehe 9 Mei 2024 asubuhi, mama akiwa kando, na siku moja kabla alimwambia, "Mama, watakuja kunisifia, waonyeshe kwanza," mama akasema, "Watajua yote, mwanangu," Lipuo akasema, "Ndiyo," na mama, ambaye alikuwa ameogopa miaka ishirini, akasema, "Haya, wajue."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochinja na kupika, chifu kwa eneo la kaburi, na wapiga picha wenzake mlioleta projekta, na inatangaza badiliko moja, Ntate Hlabathe, mliyemwona kwenye ratiba kama msemaji wa saba, hatasema makaburini, tukisharudi na kunawa mikono tutaingia ukumbini, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, kiti chake kiko mbele kabisa, ubavuni kwa Ntate Phakiso, 'M'e 'Malipuo ataandika neno la siri kwa mkono wake, na baada ya dakika kumi na moja, Ntate, uwanja ni wako, sifu unavyotaka, sema hata mpaka kesho.

Pumzika kwa amani, Lipuo, mlango tunaufungua.