Nicanor Kisilu, Aliyeinuka kwa Heshima

Marehemu Nicanor Kisilu alizaliwa Ngoliba mwaka 1916, mwana wa kwanza wa Mzee Muthoka. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akaacha mwaka 1930 ili achunge ng'ombe wa baba yake.

Mwaka 1936 aliajiriwa katika kiwanda cha mkonge karibu na Thika. Mwaka 1947 alihamia shamba la kahawa Ruiru, akawa fundi wa mashine ya kumenya kahawa. Aliijua kwa sikio. Ikibadilisha sauti kidogo tu, aliacha chai yake mezani akaikague.

Alifunga ndoa na mama yetu, Ndinda, tarehe 9 Agosti 1941. Kwa desturi yetu Wakamba, mwanamume humwonea haya mama mkwe, asikutane naye ovyo ovyo. Baba aliizidisha! Siku moja alimwona Susu Nduku, yaani nyanya yetu mzaa mama, akija njiani, akajitosa katikati ya kahawa pamoja na baiskeli. Mama alimtania mwaka mzima: "Bwana, tangu lini kahawa ikalia kengele?"

Agosti mwaka huu wa 1958 alianza kukohoa na kukonda, na maji yakajaa ubavuni. Daktari alishuku kifua kikuu, ila alitaka hakika kabla ya kumwanzishia dawa za miezi mingi. Tarehe 11 Novemba alimdunga sindano nene katikati ya mbavu, akakata kipande kidogo cha utando wa pafu kikapimwe Nairobi. Akaonya, "Lala kabisa mpaka kesho. Hewa ikivuja humo ndani, pafu litasinyaa."

Jioni hiyo mimi Kamene, bintiye, nilimleta Susu hospitalini bila kumwarifu Baba. Baba alipomwona mlangoni aliruka kutoka kitandani, atafute pa kutokea. Susu akajifunika uso kwa leso: "Lala, Kisilu! Mimi sijaona mtu!" Baba akacheka, kicheko kikawa kikohozi, akashika ubavu. Hewa ilikuwa imevuja. Daktari na wauguzi walijaribu kuitoa kwa mpira mwembamba uliotiwa ubavuni, lakini alifariki alfajiri ya tarehe 13, akiwa na miaka 42.

Nilimwuliza daktari kama angelala angepona. Alisema, "Hewa huweza kuvuja hata kwa aliyelala. Sijui, binti." Juzi majibu yalifika: ni kifua kikuu, na dawa yake ilikuwapo. Laiti ningetangulia kumwambia kuna mgeni.

Ameacha mjane, Ndinda; watoto, Kamene, Munyao na Muthoka; na Susu Nduku, aliyeketi hapa mbele. Leo ndiyo mara ya kwanza Baba kulala mbele yake. Susu ameniomba nimalizie kwa maneno yake: "Lala, Kisilu. Mimi sijaona mtu."